Dau la Ubao Darasani: Tajriba ya Mwalimu Mgeni Lamu

Katika vitivo vyetu vya elimu kuna kanuni ambayo hakuna mwanafunzi wa ualimu anayehitimu bila kuikariri: mwalimu na aanze na kinachojulikana ndipo aelekee kisichojulikana. Kanuni hii huandikwa katika maandalio ya somo, hukaguliwa na wahadhiri wanaokuja kututazama tukiwa katika mazoezi ya kufundisha, na hutunukiwa alama. Hata hivyo, kwa kadiri nilivyoshuhudia, aghalabu hicho kinachojulikana huwa ni kile ambacho mwalimu amekidhania kuwa kinajulikana. Mwalimu wa mjini hutaja rununu na kandanda. Wa mashambani hutaja ng'ombe na mahindi. Wanafunzi hutabasamu kidogo, kisha somo huendelea kama lilivyokuwa limepangwa tangu mwanzo. Kile akipendacho mtoto hufanywa chambo. Samaki akishanasa, nani tena hujishughulisha na chambo?

Nimeombwa na wahariri wa jarida letu niandike kuhusu uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi. Wakina Dewey na Vygotsky wamekwisha kuandikiwa kurasa za kutosha katika tasnifu zetu, kwa hivyo mpenzi msomaji ataniwia radhi nikiwaacha wapumzike. Nitamzungumzia mwanafunzi mmoja wa Lamu niliyemfundisha Kiswahili kuanzia mwaka 2022 hadi 2024, kabla ya kurejea chuoni kwa shahada ya uzamili. Jina lake na la shule yake nitayahifadhi.

Mimi ni mzaliwa wa Trans Nzoia. Kiswahili nimekipata darasani, vitabuni na redioni, na hadi nilipoajiriwa na bodi ya shule hiyo nilikuwa nimeiona bahari mara mbili tu. Msomaji bila shaka anaiona kejeli iliyokuwepo. Huyu hapa mtu wa bara amebeba kamusi mkobani kwenda kuwafundisha Kiswahili watoto wa sehemu ile ile ambako Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utendi mnamo mwaka 1858, na ambako Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikuwa amekwisha kuitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne hiyo ya kumi na tisa. Walimu wenzangu walinitania kwa hilo katika chumba cha walimu, nami sikuona haja ya kujitetea. Ajira ni ajira.

Mwanafunzi ninayemzungumzia alikuwa katika Kidato cha Pili. Aliketi nyuma kabisa, karibu na dirisha linaloelekea mkondo wa bahari, na katika majuma matatu ya kwanza sikuisikia sauti yake ila wakati wa kuitikia jina. Niliomba kuyaona madaftari yake ya mwaka uliotangulia. Kila ukurasa wa insha ulikuwa umetapakaa wino mwekundu. Nilikaa nayo jioni moja nikiyachunguza makosa hayo kwa utaratibu, na baada ya kurasa nne nikaanza kuyaandika pembeni, kwa sababu yalikuwa yakijirudia. Pahali pa macho aliandika mato. Pahali pa kichwa, kitwa. Mchanga ulikuwa mtanga, njia ilikuwa ndia, juu ilikuwa yuu. Haya hayakuwa makosa ya mtoto asiyejua lugha. Hiki kilikuwa Kiamu, lugha ya mama yake na bibi yake.

Hapa naomba nitoke kidogo kwenye simulizi. Sote tuliosomea fasihi ya karatasi ya tatu tunakumbuka tulivyofundishwa kuhusu uhuru wa mshairi. Tuliambiwa kwamba mshairi ana idhini ya kuzikiuka kaida za lugha: hufupisha maneno, huyarefusha, hupangua sarufi, na vilevile hutumia lahaja na Kikale. Mfano uliopendwa na walimu wengi ulikuwa ni neno mato. Mtahiniwa akilitambua neno hilo katika shairi na kusema kuwa mshairi ametumia lahaja ili kutosheleza vina au mizani, hupewa alama. Mtahiniwa huyo huyo, akiliandika katika karatasi ya insha, huhesabiwa kosa la tahajia. Ninaelewa sababu zake, wala sipendekezi mtihani wa kitaifa usahihishwe kwa lahaja kumi na tano. Lakini mtoto wa miaka kumi na sita, ambaye neno hilo amelinyonya pamoja na maziwa ya mama yake, ataelewaje kwamba kinywani mwa marehemu ni uhuru na kinywani mwake ni kosa? Huyu alikuwa ameelewa kwa njia yake mwenyewe: aliamua kunyamaza.

Kurasa za mwisho za daftari lile hazikuwa na wino mwekundu kwa sababu hazikuwa na maneno. Zilikuwa na michoro ya vyombo: dau, mashua, na jahazi moja lililochorwa kwa makini hata kamba zake zikawa zinahesabika. Siku ya pili, wenziwe walipotoka kwenda mapumzikoni, nilimwita nikaufungua ukurasa huo. Alitazama chini akingoja kukaripiwa. Nikamuuliza kamba ile inayotoka kwenye pembe ya tanga kuelekea nyuma inaitwaje.

"Yaitwa demani, mwalimu."

"Na mti huu uliobeba tanga?"

"Foromali."

Nikaitoa kamusi mbele yake, nikayatafuta maneno yote mawili. Alisogea akasoma pamoja nami, kidole chake kikifuata mstari. Alipofika kwenye maelezo ya demani aliniambia kwamba neno hilo pia ni jina la majira, wakati kusi inapopungua nguvu na bahari kuanza kutulia. Nilimwambia sikulijua hilo. Hakusema neno, ila alilitwaa daftari lake akaanza kunionyesha mkuku, mataruma, shikio na gubeti, kila kimoja kwa jina lake, hadi kengele ilipolia. Katika dakika kumi na tano zile nilijifunza msamiati mwingi kuliko nilioupata katika muhula mzima wa kozi ya leksikografia, na wala simtanii mhadhiri wangu wa wakati ule.

Siku chache baadaye nilikuwa nikifundisha methali. Nilikuwa nimeiandika ubaoni ile isemayo kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Darasa likaitikia kwa pamoja maana yake, jinsi lilivyokaririshwa tangu shule ya msingi: hata mtu aende wapi, hatimaye hurudi kwao. Jibu hilo ni sahihi, na mtihanini halikosi alama. Nikauliza tezi ni nini, omo ni nini, na ngama iko wapi. Kimya kikatanda. Darasa karibu lote lilikuwa limezaliwa kisiwani, nami nina hakika kuwa nusu yao waliyajua majibu. Walichokosa ni kuamini kwamba mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwa anaulizia kitu kama hicho.

Kijana wangu akainua mkono. Aliomba ruhusa, akainama chini ya dawati, akatoa dau la urefu wa dhiraa moja hivi alilolichonga mwenyewe kwa ubao mwepesi, lenye tanga la kitambaa cheupe. Watoto wa Lamu huvichonga vyombo vya namna hiyo na kuvishindanisha majini maji yakijaa. Alilileta mbele akaliweka juu ya meza yangu.

"Tezi ni huku nyuma, omo ni huku mbele. Ngama ni hapa kati, chini. Chombo kikingia maji, yaingilie tezi, yaingilie omo, yote yakusanyika hapa. Mwenye kufua maji ukenda tezi, ukenda omo, huna budi kurudi ngamani. Maji hayafuliwi kwengine."

Kufua maji, kwa faida ya wasomaji wenzangu wa bara, ni kuyatoa maji chomboni ili kisizame. Nilikuwa nimeisikia methali ile kwa zaidi ya miaka kumi, nami siku zote niliiwazia kama mtu anayetembea-tembea kisha akarejea nyumbani kupumzika. Haikuwahi kunipitikia kwamba ngamani ndipo penye kazi na penye hatari. Wanafunzi wakaanza kuingilia. Mmoja akasema kwamba hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi kwa kuwa mkizi akishtuka huruka mwenyewe akaangukia ndani ya dau. Kwao ilikwisha kutokea. Mwingine akataka kujua kwa nini chombo cha kuzama hakina usukani. Kipindi kikaisha na methali moja tu kati ya kumi nilizokuwa nimeziandaa.

Muhula uliofuata tuliingia katika ushairi, nikaanza na bahari zake: tathlitha, tarbia, takhmisa, ukaraguni, ukara, pindu, kikwamba na nyinginezo. Kijana akauliza kwa uso usioonyesha mzaha wowote: "Mwalimu, ushairi una bahari, na una kina. Chombo chake ni kipi?"

Darasa likacheka. Mimi nililichukua swali lile likawa ndilo zoezi la nyumbani. Majibu yaliyorudi nimeyahifadhi hadi leo. Msichana mmoja aliandika kwamba chombo ni sauti ya anayeghani, kwa kuwa shairi likiwa karatasini tu limetia nanga. Mwenye swali lake aliandika kwamba chombo hakijui, ila anajua mizani ni nini: mizani ni farumi, yaani vile vitu vizito vinavyopakiwa chini ili chombo kisipinduke. Mshororo uliopungua mizani, alisema, huinamia upande. Nimesoma tahakiki nyingi za umbo la ushairi wa Kiswahili tangu nirejee chuoni, na bado sijakutana na maelezo yanayonishibisha kama hayo.

Katika mwaka huo tuliwapeleka wanafunzi kwenye Jumba la Makumbusho la Lamu, pale ufukoni. Wenziwe walipita vyumbani haraka haraka kama ilivyo desturi ya ziara za shule, wakakimbilia nje kununua vitafunio. Yeye alisimama mbele ya mfano wa mtepe, chombo cha kale cha pwani hii ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na tanga lake likawa la mkeka. Alikizunguka. Akapiga magoti kutazama mshono ulivyopita. Akaniuliza kama fundi aliyeyajua majina ya mishono ile yuko hai, na kama hayuko, majina yale yamekwenda wapi. Tangu siku ile daftari lake likaanza kuwa na maneno kwenye kurasa za mwisho.

Hadi hapo msomaji anaweza kudhani kwamba mambo yote yalinyooka. Hayakunyooka. Shule zilipofunguliwa Januari 2023, kijana hakuonekana. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Kaskazi ilikuwa imeshika, na huo ndio wakati bahari inapotulia na uvuvi kushamiri. Baharia mmoja wa baba yake alikuwa ameacha kazi, na kijana alikuwa ameingia mahali pake. Wenziwe walisema hatarudi tena.

Nilikwenda kwao Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri. Baba yake alikuwa kibarazani akitengeneza nyavu. Nilimtolea salamu, akaniitikia na kunikaribisha kahawa, lakini mikono yake haikuacha kazi. Alizungumza kwa upole, na hoja zake zilikuwa nzito. Karo ya muhula uliopita ilikuwa haijaisha kulipwa. Maeneo waliyokuwa wakivua mababu zake upande wa Manda yalikuwa yamechukuliwa na bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mahakama Kuu mjini Malindi ilikuwa imeamuru mwaka 2018 wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na yeye alikuwa bado anaingoja. Sasa inambidi aende mbali zaidi, na kwenda mbali kunataka mikono. "Walimu wote wanaokuja hapa," akasema, "hunambia mtoto asome ili asiwe kama mimi. Wewe nawe umekuja na lipi?"

Sikuwa na hotuba. Nilikuwa nimebeba insha ya mwanawe, ile ya mwisho wa mwaka, iliyohusu usiku mmoja waliposhikwa na tufani wakirejea kutoka Kiwayu. Nikamwomba kijana aisome. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kwanza kwa haya, kisha kwa sauti iliyokaza. Mikono ya mzee ilitulia juu ya wavu. Palipoandikwa usukani alimkatiza: "Sema shikio. Huo usukani ni wa gari." Palipofika pale mtoto anapoeleza jinsi baba yake alivyopunguza tanga gizani kwa kupapasa tu, mzee aligeuza uso akatazama upande wa bahari. Ilipokwisha alikaa kimya, kisha akaniuliza kama mambo hayo yanaandikwa shuleni. Nikamwambia yanaandikwa.

"Atakuja Jumatatu ya wiki ijayo," akasema, "bamvua likishapita."

Tulikubaliana kwamba Ijumaa usiku na Jumamosi mtoto ni wa baba yake, nami sitampa kazi ya nyumbani siku hizo. Insha hailipi karo, na nisingependa msomaji afikiri kuwa ililipa. Mwalimu mkuu alimsaidia mzee kujaza fomu za basari, moja ya kaunti na nyingine ya hazina ya eneobunge. Moja ikakubaliwa, nyingine ikakataliwa. Salio lililobaki mzee alilimaliza kwa mafungu madogo madogo, mengine yakiletwa yakiwa na harufu ya samaki.

Suala la lahaja lilibaki. Nilimwambia waziwazi kwamba msahihishaji wa mtihani wa kitaifa hatamjua yeye wala bibi yake, na atakachokiona ni neno lililoandikwa visivyo. Lakini nilikataa kuuzungushia Kiamu wino mwekundu. Tuliligawa daftari kurasa mbili mbili: upande mmoja insha kama alivyoiandika, upande wa pili insha ya mtihani. Aliyeipatia kazi hiyo jina ni yeye. Baba yake, alisema, ana matanga mawili: kubwa la upepo mwanana na dogo la upepo mkali. Nahodha hatupi tanga moja kwa sababu leo ametweka jingine. Kwa miezi minne hivi maneno yaliendelea kuvuka mpaka kutoka ukurasa hadi ukurasa, kisha yakapungua.

Vilevile sitaki ionekane kwamba kila somo niligeuza kuwa dau. Tulipofika kwenye Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, bahari haikuwa na la kutusaidia, na nilimfundisha sawa na wenzake. Aliichoka mapema na hakunificha. Kuna walimu ambao wakishagundua mtoto anapenda mpira, basi hata sarufi itapigwa danadana hadi mtoto mwenyewe auchoke mpira. Mtoto huona upesi anapofuatwa kwa ajili ya kunaswa. Nadhani kijana huyu alianza kusema siku ile kwa sababu nilikuwa ninataka kweli kuijua ile kamba. Sikuwa nayo kazi nyingine ya kuitumia.

Alifanya mtihani wake wa kidato cha nne mwaka 2024 akapata alama ya B kwa Kiswahili na C kwa jumla. Katika jumla hiyo hisabati ilimwangusha vibaya, na nafasi ya kusomea shahada hakuipata. Walimu wenzangu wengine walilihesabu hilo kuwa hasara ya miaka minne. Sasa yuko Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo katika kisiwa hicho hicho cha Lamu, anajifunza useremala wa majahazi kwa mjomba wake, na bado huenda baharini na baba yake kaskazi ikishika. Mafundi wa pale wengi ni wazee. Amenunua daftari la jalada gumu, na kila jioni humkalisha mmoja wao na kuandika majina: ya mbao, ya misumari, ya viungo, ya kasoro za miti, ya namna za kutia kalafati.

Mwezi uliopita alinipigia simu saa tatu za usiku. Alikuwa amefika herufi ya N. Alitaka kujua kama neno ngama nililolikuta mimi kamusini ndilo lile lile wanalolitumia mafundi, maana mzee mmoja analitumia kwa sehemu ya chini ya chombo, na mwingine kwa maji yenyewe yanayokusanyika pale. Je, aliandike mara moja lenye maana mbili, au aliandike mara mbili kama maneno tofauti? Huku nyuma nilisikia nyundo ya mtu ambaye bado hajaacha kazi. Nilimwomba anipe siku mbili nikaulize idarani.